Dakika Tano za Kanyiva

Wacha niseme mapema, mtu asije akaniambia baadaye kwamba nina mdomo. Ndiyo, ninao. Nimeshona nguo hapa Kitui mjini tangu nikiwa msichana, nimelea watoto wangu na wa ndugu zangu, na hakuna hata mmoja niliyemlea kwa kunyamaza. Kwa hivyo habari ya Kanyiva nitaisema vile ilivyokuwa. Kama kuna mtu wa pale chuoni itamkera, duka langu linajulikana, lile lenye nguo za kwaya zimening'inia mlangoni. Aje tukereke pamoja.

Kanyiva ni mtoto wa kaka yangu Nzau, wa kule Tulia. Huyo mtoto amekulia kwa foleni. Pale sokoni Tulia kuna kioski cha maji, na maji ya kioski yana kichwa kama mbuzi, yanakuja yakitaka. Akina mama wanapanga mitungi alfajiri, wanarudi nyumbani kupika chai, na mtu lazima abaki kulinda mstari, la sivyo utakuta mtungi wako umesukumwa mpaka nyuma na hakuna aliyeona kitu. Wa nyumba ya Nzau alikuwa Kanyiva. Alikuwa anasoma vitabu vya shule akiwa amekalia mtungi, na mara nyingi, baada ya kukaa asubuhi yote, mwenye kioski anatoka anasema pampu imeharibika tangu jana, nendeni nyumbani. Tangu jana! Na watu wamekaa hapo wakimwangalia!

Alipopita mtihani na kuitwa chuo, hapa mjini, alikuja kukaa kwangu. Anasomea kompyuta. Mimi kompyuta najua tu ile ya kuchapisha kadi za harusi, lakini mwaka wa tatu mtoto alinionyesha kitu nikakielewa bila kuelezwa mara mbili. Mwenye kioski, Mutie, ana simu ya kabambe, ile ya vibonyezo. Maji yakija, Mutie anabonyeza moja, na kila mama aliyejiandikisha anapata ujumbe kwa Kikamba kwamba maji yako kioskini. Pampu ikifa anabonyeza mbili, na ujumbe unasema kaeni nyumbani. Basi. Hakuna picha za kucheza, hakuna intaneti. Nikiwa Tulia kwa matanga niliona mwenyewe, simu zililia uwanja mzima, na wanawake wakaanza kutoka mmoja mmoja wakitafuta punda wao huku mchungaji bado anahubiri.

Sasa shida ni hii. Pale chuoni hufuzu mpaka uende atachi, yaani ufanye kazi miezi kadhaa kwa kampuni, wakuandikie kwamba umefanya. Bila atachi hakuna gauni, hakuna kofia, unakaa mwaka mwingine ukingoja. Wenzake walikuwa na mjomba Nairobi, binamu benki, jirani wizarani. Kanyiva ana Nzau, na mtu wa mbali zaidi Nzau anayemjua yuko Migwani anauza mbuzi. Mtoto aliomba kampuni mpaka akachoka. Kila mara jibu lilikuja upesi, linamshukuru kwa kuonyesha nia, na limeandikwa na mashine. Muhula ulikuwa unaisha. Na Nzau, Mungu amsamehe, alikuwa ameshaambia Tulia yote kwamba mwaka huu binti anafuzu.

Hapo ndipo yalipoingia mambo ya mihadhara. Kila mwezi, Alhamisi moja, chuo kinaleta mtu mkubwa wa biashara ama teknolojia kuongea na wanafunzi. Kanyiva hakukosa hata mmoja. Jioni nikimuuliza wamesema nini, ananihadithia huku ananisaidia kupiga pindo. Kulikuja mama mmoja wa kampuni ya mikopo ya simu, akawaambia siri ya kufaulu ni kuamka saa kumi alfajiri. Saa kumi! Nani hapa Kitui, mwenye ng'ombe na mtungi, hajaamka saa kumi? Mbona basi hatuna kampuni? Nikamuuliza Kanyiva kama kuna mwanafunzi aliyemuuliza hivyo. Akasema hapana shangazi, maswali hayakufikiwa, muda uliisha. Kila mwezi ni hivyo. Maswali hayafikiwi.

Mwenye kupanga mihadhara ni mwalimu wao mmoja, Nderitu, mtu wa Nyeri, mpole kama sabuni ya mtoto. Siku moja akamwita Kanyiva. Akamwambia mgeni wa mwezi huo ni Kahiga, mwenye kampuni kubwa ya mambo ya simu kule Nairobi, na Kahiga mwenyewe ameomba aonyeshwe kitu kimoja kilichotengenezwa na mwanafunzi, kitu kinachofanya kazi kweli. Akikipenda, mwanafunzi huyo ataondoka na nafasi ya atachi kwake. "Nimekuweka wewe," Nderitu akasema. "Dakika tano, mara tu baada ya mgeni kuongea."

Jameni, mtoto alikuja dukani mbio hata hajafunga begi. Nilimshonea suti ya kijivu kwa kitambaa nilichokuwa nimemwekea mteja, na mteja nikamwambia kitambaa kimechelewa kutoka Nairobi. Kila usiku kabla ya kulala alisimama mbele ya cherehani, akaongea, mimi nikiwa ndiye Kahiga. Mwanzo ilimchukua muda mrefu. Akapunguza, akapunguza, mpaka dakika tano zikabaki na nafasi ya kushukuru. Alipanga na Mutie pia: Kanyiva akimpigia kutoka ukumbini, Mutie abonyeze moja kule Tulia, na simu ya Kahiga, ikishaandikishwa, ilie pale pale mbele ya watu. Nami nikaona kweli, hii imekubali.

Siku yenyewe nilifunga duka. Kadi ya mwaliko ilisema saa tatu kamili. Saa tatu kamili ukumbi ulikuwa umejaa wanafunzi, na mimi nimekaa safu ya nne na kibeti changu mapajani. Mgeni alikuwa ameshafika chuoni, gari lake tuliliona, jeusi, refu. Lakini mgeni wetu haendi ukumbini hivi hivi kama mtu aliyepotea njia! Lazima apelekwe kwa mkubwa wa chuo anywe chai. Na chai yetu si chai, ni viazi vitamu, mayai, chapati, kuku wa kienyeji, na mgeni akisema ameshiba anaambiwa basi onja tu. Walimweka huko mpaka saa tano. Wanafunzi wakaanza kusinzia. Kanyiva alikuwa mbele kabisa, ameshika simu kwa mikono miwili, mgongo wima.

Walipoingia nikasema sasa. Wapi! Wimbo wa taifa, beti zote. Maombi ya kufungua, na mchungaji aliombea mpaka barabara. Kwaya ya chuo, nyimbo mbili, na ya pili wakairudia kwa sababu mgeni alitingisha kichwa. Kisha Musyimi, mshereheshaji, akashika kipaza sauti na kutangaza kwamba atatambulisha wageni, "na kwa ajili ya muda, mgeni akitajwa asimame tu apunge mkono."

Sijawahi kuona mtu wa hapa kwetu akipunga mkono tu. Chifu alisimama akapunga, kisha akasema kwa kuwa amesimama, angependa kusema machache. Mjumbe wa wadi akasema yeye hana mengi, na ukisikia hivyo vua viatu ukae. Mchungaji wa pili akaanza na Bwana asifiwe, tukamjibu, akasema hajasikia, tukamjibu tena. Mwenyekiti wa wazazi, mwenyekiti wa waliosoma zamani, mwakilishi wa wauza asali kutoka Matinyani. Kila mmoja Musyimi anamwombea makofi ya kilo mbili, na makofi yenyewe yanahesabiwa kwa midundo, ukikosea mnaanza upya. Nikawa naongea kwa sauti bila kujua, mpaka mama wa pembeni yangu akaniangalia.

Kisha Musyimi akatazama karatasi yake akasema, "Na tuko na shangazi ya Kanyiva, msichana wetu atakayetuonyesha kitu leo. Mama, simama usalimie watu."

Nikasimama. Nikasema, "Nimewasalimia. Sasa mwacheni mtoto aongee." Nikaketi. Ukumbi ukacheka! Musyimi naye, badala ya kusikia, akasema huyu mama ni moto, tumpigie makofi ya kilo tatu. Haki ya nani, nilitaka kumrushia kibeti.

Kahiga alipopewa nafasi, sitadanganya, aliongea vizuri. Ni kijana wa haja, shati jeupe, hana majivuno. Alisema jinsi alivyofilisika mara ya kwanza na mamake akamficha jikoni wenye deni walipokuja, watu wakacheka, Kanyiva pia akacheka. Akasema vijana wa Ukambani wana shida ambazo Nairobi hawazijui, na kwenye shida ndiko biashara iko. Alimaliza kwa kusema, "Nimeambiwa kuna mtu ana kitu cha kunionyesha." Kanyiva akainuka nusu.

Musyimi akarukia kipaza sauti. "Kabla ya hapo, tusimwache mgeni wetu na mikono mitupu!" Yakaletwa mambo. Kiondo. Chupa ya asali. Leso, na leso lazima afungwe na kina mama, na kina mama hawafungi bila wimbo, na wimbo hauimbwi umesimama kama nguzo. Wakamzunguka wakicheza, Kahiga katikati amefungwa leso juu ya suti, anatabasamu kama bwana harusi aliyechoka. Kisha picha. Picha na wakubwa, picha na wachungaji, picha na kwaya. Kanyiva bado amesimama nusu, hajui akae ama atoke.

Msichana aliyekuja na mgeni, Gakenia, ndiye anayemshikia simu na saa zake, akaenda akamnong'oneza Musyimi. Nikaona Musyimi anatingisha kichwa. Nikajua.

"Ndugu zangu," akasema, "muda umetutupa mkono. Mgeni wetu anangojewa Wote, Makueni, mchana huu. Kwa hivyo kile kipindi cha Kanyiva leo hatutakiweza." Ukumbi ukaguna. Musyimi akainua mkono. "Lakini hatuwezi kumwacha hivyo, si ndiyo? Kanyiva, njoo mbele. Wewe utatufungia kwa maombi!"

Na watu wakapiga makofi! Nderitu alipiga makofi! Wanajua mtoto anaomba vizuri, ndiye anayeongoza vijana kanisani kwetu, na waliona wamemheshimu. Kanyiva alipanda jukwaani na ile suti yangu. Akashika kipaza sauti. Na mimi ninayeishi naye nikaona uso wake umebadilika, kama mtu aliyekuwa anatafuta mlango na ameupata.

"Tuinuke, tufunge macho," akasema. "Kila mtu. Baba, tunakushukuru kwa mgeni wetu. Na Baba, wewe unaijua Tulia. Unakijua kioski cha pale sokoni. Unamjua mama anayetoka nyumbani alfajiri na punda na mitungi minne, akifika anaambiwa pampu ilikufa jana."

"Ndiyo, Bwana," watu wakaitikia.

"Baba, jana hiyo kuna mtu angeweza kumwambia! Wewe unajua simu ya kabambe inatosha. Mutie akibonyeza moja, Baba, maji yako, na ujumbe unafika kila nyumba. Akibonyeza mbili, pampu imekufa, na watu wanalala."

"Asante Yesu!" mtu akapaza sauti nyuma.

Aiya! Mtoto alikuwa anaonyesha kazi yake! Yote, mstari kwa mstari, vile alivyoisema mbele ya cherehani, ila kila mahali aliposema "Bwana Kahiga" sasa anasema "Baba." Na nani atamkatiza? Hakuna chifu, hakuna mjumbe, hakuna Musyimi anayeweza kumnyang'anya mtu kipaza sauti katikati ya maombi. Niliona fahari mpaka machozi yakanitoka.

Yalinitoka macho yakiwa wazi. Mimi huomba macho wazi, kwa sababu nimeshaibiwa kibeti kanisani. Ndiyo maana nikamwona Gakenia akimgusa Kahiga begani. Nikamwona Kahiga akifungua macho, akaangalia saa, akafungua ile leso taratibu na kuiweka juu ya kiti. Kisha akatembea kwa ncha za viatu mpaka mlango wa pembeni, Gakenia nyuma yake na kiondo. Wakatoka. Ukumbi mzima umeinamisha vichwa, na Kanyiva macho yamefungwa kabisa, anaendelea, sauti inapanda.

Sasa ningefanya nini? Kupiga kelele katikati ya maombi? Nilishika kibeti nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikazunguka jengo nikikimbia, mimi na magoti haya. Nilimkuta anaingia garini.

"Baba!" nikamwambia. "Yule msichana anaongea na wewe."

Akageuka na adabu zake zote. "Mum, samahani sana. Nilidhani ni maombi tu. Wananingoja Wote, nimeshachelewa."

"Si maombi! Ndicho kile kitu chake. Wewe si ulisema uonyeshwe? Rudi dakika mbili, dakika moja, uingie kwa mlango ule ule uliotokea."

Akaangalia ukumbi, na kwa kweli niliona kwamba alitaka. Gakenia akasema, "Boss, tumechelewa." Kahiga akaniambia, "Mwambie aombe kwa tovuti yetu, Mum. Kila mtu anaangaliwa sawa."

"Ameomba! Mara tatu! Mashine yako inamshukuru!"

Wakati huo huo ukumbi ukanguruma: Amina! Madirisha yalitetemeka. Na yule kijana, kwa mazoea tu ya mtu aliyelelewa kanisani, akainamisha kichwa akasema "Amina" naye. Kioo kikapanda. Gari likatoka kwa lango polepole, likapita wanafunzi wanaouza njugu, likashika barabara.

Kanyiva alinipata nimesimama hapo. Alikuja mbio, uso unang'aa, simu mkononi. "Shangazi! Ulinisikia? Nilimaliza yote! Na alikuwa ametulia, hata hakukohoa! Yuko wapi, niende nimpigie Mutie sasa, abonyeze?"

Nikaangalia lango. Yeye akaangalia lango.

"Alitoka lini?" akauliza.

"Ulipofika kwa kubonyeza mbili," nikasema.

Akatingisha kichwa polepole, kama anahesabu kilichobaki baada ya hapo. Kilichobaki kilikuwa kingi. "Kwa hivyo aliyesikia yote ni Mungu peke yake," akasema. Nilitaka kumwambia Mungu anatosha. Tunaambiana hivyo kila Jumapili, na mimi huwa nasema kwa sauti kuliko wote. Siku hiyo neno lilikataa kutoka, kwa sababu Mungu hana kampuni Nairobi ya kumwandikia mtoto kwamba amefanya atachi.

Nderitu akatoka akitabasamu mpaka masikioni. "Kanyiva! Umetufungia vizuri sana, mkubwa wa chuo ameuliza huyu ni nani. Sikia, nimeona umebaki bila atachi. Usijali. Nimeongea na mkubwa sasa hivi, utafanya hapa hapa idarani. Utanisaidia na hii mihadhara. Kuita wageni, kupanga chai, mambo kama hayo. Nitakuandikia mimi mwenyewe, utafuzu na wenzako."

Nikafungua mdomo. Nilikuwa na maneno ya kumtosha yeye, Musyimi, chifu na kwaya. Kanyiva akanikanyaga mguu, kwa nguvu, na kisigino cha kiatu cha sherehe.

"Asante mwalimu," akasema. "Naanza lini?"

"Jumatatu. Na hiyo sauti usiipoteze. Mwezi ujao tunaleta mtu wa benki, na tumeona ni wewe utafunga."

Akajibu ndiyo mwalimu. Akampigia Mutie, akamwambia asibonyeze kitu, wamemaliza. Tukatembea mpaka mjini, na Jumatatu akavaa ile suti akaenda.